Bunduki ya kuwinda ya urithi: namna ya kuitambua na kuikadiria thamani

Kinachoshusha thamani ya bunduki ya urithi haraka kuliko kitu kingine chochote ni usafi wa mrithi. Anaitoa kabatini, anaona madoa ya kutu na mti (sehemu ya mbao) uliopauka, anatafuta msasa na vanishi, na kabla jua halijatua ameshafuta rangi ya kiwandani ambayo mkusanyaji angeilipia kuliko chuma chenyewe. Kwa hiyo anza kwa kuiacha ilivyo. Usisugue, usipake rangi, usifungue skrubu hata moja. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, paka chuma mafuta mepesi ya bunduki, kidogo sana, kisha iweke mahali pakavu. Isikae ndani ya mkoba wake wa ngozi: ngozi hushika unyevu, na kemikali zilizotumika kuitengeneza hula chuma. Mkoba wenyewe usiutupe, maana nao una bei yake.

Kibali na usalama

Katika nchi nyingi leseni hufa na mwenye leseni. Msimamizi wa mirathi azungumze na polisi au mamlaka ya silaha kabla bunduki haijaondolewa mahali ilipo, hata kama safari ni ya kuipeleka kwa fundi tu. Umri wake unaweza kubadilisha kila kitu kisheria. Marekani, kwa mfano, sheria ya shirikisho huihesabu kuwa ya kale silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake. Kwingine mpaka umewekwa pengine, au haupo kabisa. Ndiyo maana kujua mwaka wa kutengenezwa si suala la wakusanyaji peke yao.

Ichukulie kuwa ina risasi mpaka uthibitishe kwa macho na kwa kidole. Elekeza mtutu pasipo na mtu, kidole kiwe mbali na kifyatulio. Bunduki ya bolti, ile inayofungwa kwa chuma cha mviringo chenye mkono: inua mkono wa bolti, uvute nyuma mpaka mwisho, tazama chemba (pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) na magazini (ghala la risasi), kisha ingiza kidole kidogo ndani ya chemba. Bunduki ya wenzo, ile inayojazwa kwa kushusha na kupandisha mkono ulio chini ya kifyatulio, mara nyingi huhifadhi risasi ndani ya bomba chini ya mtutu, na risasi iliyokwama katika bomba hilo huwezi kuiona kwa kuchungulia chemba. Bunduki nyingi za Kijerumani na za Austria zina vifyatulio viwili vilivyofuatana: cha nyuma hutega cha mbele, na kikishategwa hufyatuka kwa kuguswa tu. Usivijaribu. Ukikuta risasi imekwama chembani, simama hapo na umwite fundi wa bunduki. Usiigonge kwa fimbo kutoka mbele.

Utambue mtambo kwanza, jina baadaye

Watu wengi hukimbilia jina lililoandikwa juu ya mtutu. Jina hilo linaweza kuwa la kiwanda, la fundi aliyeiunganisha, au la duka lililoiuza. Tangu 1898 hadi 1912, John Rigby wa London alikuwa wakala wa Mauser kwa soko la Uingereza, akiuza bunduki zilizojengwa juu ya mtambo (sehemu inayojaza, kufunga na kufyatua risasi) uliotoka Oberndorf, Ujerumani. Kwa hiyo jina la Rigby na mtambo wa Mauser kwenye bunduki moja si dalili ya ughushi. Vivyo hivyo mhuri NOT ENGLISH MAKE ("haikutengenezwa Uingereza"): ofisi za majaribio za Uingereza ziliwahi kuupiga kwenye silaha za kigeni, zikiwemo zilizouzwa na maduka ya heshima kubwa ya London.

Mtambo hausemi uongo kirahisi. Toa bolti kama unajua njia yake na uiangalie. Mauser 98 ina meno mawili makubwa ya kufungia mbele, jino la tatu la usalama karibu na mkono, na ukucha mrefu wa kuvutia ganda uliolala ubavuni mwa bolti. Hujitega, yaani hujiweka tayari kufyatua, unapoinua mkono. Mauser za kabla yake, za miaka ya 1893, 1895 na 1896, hazina jino la tatu na hujitega unaposukuma bolti mbele. Tofauti hiyo inagusa bei, na inagusa usalama pia, kwa sababu mitambo hiyo ya mwanzo haikukusudiwa shinikizo kubwa la risasi za kisasa.

Mannlicher-Schönauer ya kiwanda cha Steyr, Austria, huijua hata kwa mbali: mti wake mara nyingi hufika mdomoni mwa mtutu, mkono wa bolti ni bapa na hupita katika mwanya uliokatwa juu ya resiva (kile kipande cha chuma kinachoshika mtutu na kubeba bolti), na magazini yake huzungusha risasi tano badala ya kuzirundika. Lee-Enfield iliyogeuzwa ya kuwinda hufungia meno yake nyuma, si mbele, na kichwa cha bolti hufunguka kwa kuzungushwa. Savage 99 ni ya wenzo lakini haina nyundo inayoonekana nje. Winchester Model 70 imeandikwa jina lake waziwazi. Swali lake ni mwaka. Zilizotengenezwa kuanzia 1936 hadi 1963 zina ukucha mrefu kama wa Mauser na nakshi za kushikia zilizokatwa. Za kuanzia 1964, ambazo namba zake zinaanzia 700,000, zilipunguziwa gharama, zikapoteza ukucha huo, na nakshi zake zikawa za kugandamizwa kwa mashine. Soko halijasahau: mbili zinazofanana kwa mbali hutofautiana sana kwa bei kwa sababu ya mwaka huo mmoja.

Kisha kuna kundi kubwa kuliko yote, bunduki za jeshi zilizogeuzwa za kuwinda. Baada ya vita vile viwili vya dunia mamilioni ya Mauser, Lee-Enfield na Springfield ziliingia sokoni kwa bei rahisi, na mafundi wakazikata mitutu na kuzivalisha mti mpya. Dalili zake: nembo ya taifa iliyosagwa juu ya resiva na kuacha bapa isiyo ya kawaida; mkono wa bolti wenye alama ya kuunganishwa kwa moto; mkato wa nusu duara upande wa kushoto wa resiva, uliowekwa ili kidole gumba cha askari kishushe risasi tano kwa mkupuo. Nyingi ni bunduki nzuri za kazi. Za kukusanya ni chache, na mrithi anayeambiwa ana Mauser ya thamani aanzie kuangalia hapo.

Springfield 1903, bunduki ya jeshi la Marekani, iliyogeuzwa ina hatari yake mahususi. Resiva zilizotengenezwa Springfield Armory zenye namba chini ya 800,000, na za Rock Island chini ya 285,507, zilipikwa kwa joto lisilodhibitiwa vizuri, na baadhi zilipasuka zikitumika. Zinabaki ukutani, hata fundi akisema mtutu wake ni mpya.

Mihuri iliyofichwa

Chini ya mtutu, mara nyingi mahali palipofunikwa na mti, kuna mihuri ya ofisi ya majaribio ambako bunduki ilijaribiwa kwa kufyatua risasi yenye nguvu kuliko kawaida kabla ya kuuzwa. Mti autoe fundi mwenye bisibisi za bapa zinazoingia sawasawa katika mkato wa skrubu. Bisibisi ya nyumbani ina ncha ya kabari, nayo hupanda na kuchana kingo. Skrubu zilizochanika ni kitu cha kwanza ambacho mthamini hukitazama.

Ujerumani baada ya sheria ya 1891: taji juu ya herufi. G ni mtutu wenye mifereji ndani, U ni ukaguzi, N ni jaribio la baruti isiyo na moshi. Kuanzia 1940 taji likawa tai. Tarakimu kama 8.27 zilizo karibu na mihuri hiyo mara nyingi ni mwezi na mwaka wa jaribio, yaani Agosti 1927. Kwa bunduki za Ujerumani Magharibi za baadaye mwaka umefichwa katika herufi mbili, A ikiwa 0, B ikiwa 1, C ikiwa 2 na kuendelea, hivyo HD ni 1973. Ubelgiji: herufi ELG ndani ya duara lililorefuka, na taji juu yake baada ya 1893. Birmingham kuanzia 1904: taji juu ya BP, BV na NP, ya mwisho ikiwa ya baruti isiyo na moshi. London: mkono wenye upanga juu ya NP. Bunduki za Uingereza huandikwa pia kiasi cha baruti na uzito wa kichwa cha risasi, kwa mfano neno CORDITE (aina ya baruti isiyo na moshi) likifuatwa na namba mbili. Andika namba hizo kama zilivyo. Kwa bunduki ya mitutu miwili ndizo zinazosema mitutu hiyo ililinganishwa (ili ipige mahali pamoja) kwa risasi gani.

Remington waliweka herufi ubavuni mwa mtutu, karibu na resiva, kuanzia 1921. Herufi ya kwanza ni mwezi, kwa kufuata mpangilio wa BLACKPOWDERX: B ni Januari, L ni Februari, mpaka X ya Desemba. Herufi za mwaka zilirudiwa baada ya miongo, kwa hiyo zisomwe pamoja na modeli.

Ukikosa mhuri wowote wa baruti isiyo na moshi kwenye bunduki ya Uingereza ya mwisho wa karne ya 19, huenda ilijengwa kwa baruti nyeusi. Risasi ya nitro, yaani ya baruti isiyo na moshi, ya umbo lilelile inaweza kuingia chembani bila kipingamizi. Hapo ndipo watu wanapoumia.

Risasi yake hasa ni ipi

Hapa usiharakishe, kwa sababu jina la risasi si kipimo. .404 Jeffery hutumia kichwa cha milimita 10.7, ingawa ukigeuza jina lake, ambalo ni la inchi, kuwa milimita unapata 10.3. .275 Rigby ni ileile 7x57 (mtutu wa milimita 7, ganda la milimita 57) ya Mauser iliyopewa jina la Kiingereza. .303 Savage na .303 ya Uingereza ni risasi mbili tofauti kabisa, za umbo tofauti na vichwa vya unene tofauti. .450/400 ipo ya ganda la inchi 3 na ya inchi 3¼, na huwezi kubadilishana.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye 8x57. Ya zamani, inayoandikwa I au J, ina kichwa cha milimita 8.08. Jeshi la Ujerumani lilipobadilisha mwanzoni mwa karne ya 20, kichwa kikanenepa kuwa milimita 8.20, na hiyo ndiyo inayoandikwa IS, JS au S. Ganda ni lilelile kwa macho. Watengenezaji wa bunduki za kuwinda waliendelea na mitutu ya kipimo cha zamani kwa miaka mingi baadaye, kwa hiyo umri peke yake haukupi jibu. Kichwa kinene kikisukumwa ndani ya mtutu mwembamba, shinikizo hupanda kupita kiasi. Isitoshe, Wajerumani walizoea kupiga muhuri wa kipenyo kinachopimwa juu ya matuta ya ndani badala ya chini ya mifereji, na ndiyo sababu unaweza kukuta 7,8 au 7,9 kwenye bunduki inayoitwa ya milimita 8.

Fundi ana njia mbili za kumaliza ubishi. Ya kwanza ni kupitisha kipande cha madini laini ya risasi (ledi), yasiyochanganywa kitu, ndani ya mtutu uliopakwa mafuta, kisha kupima pale kilipojaa mifereji. Ya pili ni kumimina chembani aloi (mchanganyiko wa metali) inayoyeyuka kati ya nyuzi 71 na 88 za Selsiasi. Ikiganda hutolewa kama kinyago cha chemba. Hunywea kidogo mwanzoni kisha hupanuka, na huwa katika kipimo halisi baada ya kama saa moja. Akiipima mapema atapata namba ndogo, na akiiacha mpaka kesho atapata kubwa. Ulizia saa aliyopima, nalo ni swali linalokuonyesha kama fundi anajua kazi.

Risasi zilizokutwa kwenye droo moja na bunduki si ushahidi. Marehemu anaweza kuwa alikuwa na bunduki tatu, au alipewa boksi ambalo halikumfaa. Usizifyatue. Lakini boksi la karatasi la zamani lenye lebo safi lisitupwe, kwani wapo wanaokusanya maboksi tu.

Ni ya asili, au imeguswa?

Bunduki mbili za mtengenezaji mmoja, mwaka mmoja na risasi moja zinaweza kutofautiana bei mara mbili au zaidi, na sababu karibu kila mara ni hii.

Anza na rangi ya chuma. Rangi ya kiwandani huchakaa pale mkono unaposhika: mdomoni mwa mtutu, kwenye kibao cha chini cha magazini, kwenye kitasa cha bolti. Ikiwa hapo ni nyeusi tititi wakati mti una miaka 80 ya mikwaruzo, imepakwa upya. Tazama herufi kwa lenzi. Herufi za asili zina kingo kali, na pembeni mwake chuma kimeinuka kidogo sana; zilizosuguliwa huwa na kingo za mviringo na kina kisicho sawa. Tundu za skrubu zilizong'arishwa hubonyea kama visahani. Vishimo vya kutu vilivyo na rangi nyeusi ndani yake vinakuambia kwamba kutu ilitangulia na rangi ikafuata.

Kwa bunduki ya mitutu miwili, kupakwa upya kunaweza kuwa msiba. Njia ya chumvi za moto iliyoenea karne ya 20 hula madini laini yanayoshika ukanda kati ya mitutu. Ukanda ukilegea, mitutu haipigi tena mahali pamoja, na kuilinganisha upya ni kazi ya mafundi wachache wenye gharama kubwa.

Kwenye mti, pitisha ukucha wa kidole mahali mti unapokutana na chuma. Mti mpya kiwandani huwa umezidi chuma kidogo. Ukikuta chuma kimezidi mti, umepigwa msasa. Kagua nyufa sehemu mbili: nyuma ya ulimi wa resiva, na ndani pale mti unapopokea pigo la kurudi. Pima kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako. Kwa kawaida ni sentimita 34 hadi 36. Pungufu ya hapo, hasa pakiwa na mpira uliobandikwa, kitako kimekatwa. Kwa anayewinda haina neno. Mkusanyaji ataondoka.

Tundu za skrubu za kufungia darubini ni kesi ileile. Bunduki nyingi za kabla ya vita vya pili hazikuwa nazo. Zikiwa zimetobolewa baadaye, thamani ya kukusanya hushuka, hata kama zimezibwa vizuri. Kinyume chake, darubini ya zamani yenye vishikio vyake vya asili vya kuchomoa, vilivyopigwa namba ya bunduki hiyohiyo, ni sehemu ya bunduki. Usiiuze kando.

Linganisha namba za resiva, bolti na kibao cha magazini. Bolti ya bunduki nyingine hushusha bei, tena ni jambo la usalama: nafasi kati ya uso wa bolti na ganda huenda si sahihi, na fundi lazima aipime kwa vipimo maalumu kabla risasi yoyote haijaingia.

Mtutu kwa ndani

Fataki za zamani (vile vidude vya nyuma ya ganda vinavyowasha baruti), zilizotumika hata miaka ya 1950 kwa baadhi ya risasi, ziliacha chumvi inayovuta unyevu. Mtutu ambao haukuoshwa kwa maji siku hiyohiyo ulianza kutoboka. Kwa hiyo nje pazuri si dhamana ya ndani. Tia mwanga kutoka chembani na utazame: matuta yawe na kingo, yasiwe meusi na yenye vidonda. Tazama pia mdomo. Fimbo ya kusafishia iliyoingizwa kwa mbele miaka mingi huupanua upande mmoja, na bunduki huacha kulenga hata kama katikati bado panang'aa.

Bei ipi?

Bunduki moja ina bei tatu. Bei ya mirathi ni ile ambayo ingepatikana sokoni siku ya kifo. Bei ya bima ni gharama ya kupata nyingine kama hiyo, nayo huwa juu zaidi. Bei ambayo mwenye duka atakupa taslimu iko chini kuliko zote mbili, kwa kuwa anabeba hatari na anataka faida. Mwambie mthamini unataka ipi, na aiandike kwenye ripoti.

Usifuate bei wanazoomba wauzaji mtandaoni. Tafuta matokeo ya minada iliyokwisha fanyika, ya mtengenezaji, modeli, risasi na hali ileile, na uangalie kama bei iliyotajwa ina ada ya mnunuzi ndani. Ada hiyo mara nyingi ni asilimia 15 hadi 25 au zaidi, na haikuhusu wewe muuzaji. Kamisheni yako itakatwa kivyake. Tatu au nne zinazofanana zinatosha. Moja iliyouzwa ghali sana iulizwe sababu, na mara nyingi sababu ni jina la aliyekuwa nayo.

Ndiyo, historia huuza, lakini historia yenye karatasi. Simulizi ya familia kwamba babu aliua simba nayo haiongezi hata senti bila leseni ya uwindaji, risiti ya ununuzi, barua au picha ambayo bunduki inaonekana vizuri. Baadhi ya watengenezaji wa London bado wana madaftari yao na hutoa taarifa ya bunduki iliuzwa lini, kwa nani na ikiwa na vifaa gani. Kwa Winchester nyingi za zamani za wenzo, rekodi ziko kwenye makumbusho ya silaha ya Cody, Wyoming. Omba taarifa hiyo kabla ya kukadiria, kwa sababu inaweza kuthibitisha kwamba mtutu ulibadilishwa na kiwanda chenyewe, na hilo ni tofauti kabisa na kubadilishwa na fundi asiyejulikana.

Risasi nayo ina neno. 9.3x62, 7x57 na .375 H&H bado zinatengenezwa, hivyo bunduki zake zina wanunuzi wa aina mbili, wawindaji na wakusanyaji. Ya risasi iliyosahaulika hubakiwa na aina ya pili tu, labda na wachache wanaotengeneza risasi zao wenyewe.

Unapompelekea mthamini picha, piga kwa mwanga wa dirishani bila flashi: bunduki nzima pande zote mbili, kila maandishi kwa karibu, namba zote, bolti iliyotolewa, vilengeo, kichwa cha kila skrubu kubwa, kitako kwa nyuma, mdomo wa mtutu, na kila kasoro unayoijua. Weka rula ndani ya picha mbili au tatu. Namba kamili mpe mthamini peke yake. Picha zinazokwenda hadharani zifunikwe tarakimu za mwisho. Kama mti au vipambo vina pembe za ndovu, litaje mapema, kwa kuwa biashara yake inabanwa kimataifa na huenda mnada ukaikataa au ukalazimika kuiuza ndani ya nchi tu.